Mkalimani na Kitasa cha Bafuni

Mkono wa kitasa ulitoka wenyewe, taratibu, kama jino la mtoto lililolegea siku nyingi. Mwanamke aliyeushika aliutazama kiganjani mwake, povu la dawa ya meno bado mdomoni, huku upande wa pili wa mlango akiisikia nusu nyingine ikianguka, ikibingirika juu ya vigae na kutulia mahali fulani chini ya kitanda.

Hakuogopa. Alikasirika. Wako watu ambao hofu huwafika kwanza na hasira ikafuata. Yeye tangu utotoni mambo yalikuwa kinyume, na mara nyingi hofu ilikuta nafasi yote imeshachukuliwa.

Alitema povu, akasukutua, akaujaribu mlango. Ulikuwa wa kufungukia chumbani, kwa hiyo bawaba zote zilikuwa upande wa huko. Upande wake palibaki tundu la mraba, dogo, ambalo hata kidole chake cha mwisho hakikuingia. Alijaribu mswaki, ukavunjika. Alijaribu kuurudisha mkono wa kitasa mahali pake, lakini chuma kinachopita katikati kilikuwa kimeanguka pamoja na nusu ya nje.

"Hoteli gani hii!" aliuambia mlango.

Chumbani alikuwepo mtu. Hapo ndipo palipokuwa na kichekesho, kwa mwenye hamu ya kucheka. Mtu huyo alikuwa karibu kiasi kwamba, kama si ule ubao, wangeweza kupeana mikono. Na mtu huyo alikuwa kiziwi.

Viziwi wa mji wao humwita mwanamke huyu Nyusi. Jina lenyewe halitamkwi, linafanywa: kidole kinapanda juu ya jicho na kushuka. Katika lugha ya alama uso nao unasema. Swali bila nyusi kunyanyuka si swali, na nyusi za mwanamke huyu hunyanyuka kuliko za mtu yeyote. Ni mkalimani. Lugha hiyo aliijua kabla ya kujua kusoma, kwa sababu kaka yake mkubwa alizaliwa hasikii, na nyumbani kwao mtu mwenye mikono mepesi alikuwa yeye peke yake. Mama yake alimvuta kila mahali kama mkoba. Kwa daktari, kwa mwalimu mkuu, kwenye vikao vya ukoo, mtoto mdogo alisimama katikati ya watu wazima huku wakubwa wakiongea juu ya kichwa cha kaka yake: mwambie asubiri, mwambie asiguse, mwambie hilo halimhusu. Mpaka leo neno "mwambie" humkereketa kama mchanga kwenye wali.

Mwenzake wa chumbani aliitwa Kishimo, kwa ajili ya kishimo cha shavuni kinachojitokeza anapocheka. Siku hizo kilikuwa hakijitokezi. Kishimo alikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo, upande wa kola. Kazi ya kola haitaki macho yaende kokote, ukipepesa tu sindano inakwenda mrama. Siku moja stoo ya vitambaa ilishika moto. Kengele ikalia, wafanyakazi wote wakamiminika uani, na moto ulipozimwa msimamizi alirudi ndani akamkuta mwanamke mmoja katikati ya ukumbi mtupu wenye moshi, anashona.

Mtu angedhani kiwanda kingemwomba radhi. Kiwanda kilimfukuza kazi. Kosa: kukaidi amri ya usalama.

Asubuhi hiyo ya kitasa ndiyo baraza la usuluhishi wa kazi lilikuwa linamsikiliza, katika mji ambao wote wawili hawakuujua, safari ya kutwa nzima kwa basi. Utaratibu wa baraza ulikuwa mfupi na mkali: jina la mlalamikaji likiitwa naye hayupo, faili linafungwa na halifunguliwi tena. Mkalimani si kazi ya baraza, kila mtu aje na wake. Chama cha viziwi kilimtuma Nyusi, kikawakodia chumba kimoja chenye vitanda viwili katika hoteli inayotazamana na jengo la baraza, ili isiwepo sababu yoyote duniani ya kuchelewa.

Nyusi aliupiga mlango. Aliupiga kwa kiganja, kisha kwa ngumi, akijua fika kwamba kelele zile ni za bure. Alikuwa akitegemea mtikisiko. Katika nyumba yenye sakafu ya mbao, kiziwi huitwa kwa kukanyaga kwa nguvu, akaisikia sakafu miguuni. Hapa palikuwa na vigae juu ya zege. Alikanyaga mpaka kisigino kikamuuma, na zege halikupeleka habari hata kwa jirani.

Ndipo akaikumbuka taa. Swichi ilikuwa upande wake, na juu ya mlango palikuwa na kioo chenye ukungu, kirefu kama rula. Akaizima, akaiwasha. Akaizima, akaiwasha tena, kwa pupa, kama mtoto anayecheza na umeme. Aliendelea hivyo mpaka kidole kikachoka, akapumzika kidogo, halafu akaipiga tena mara mbili za mwisho kwa uchungu.

Kisha akasikia viatu. Akasikia zipu ya mkoba ikivutwa. Akasikia mlango wa chumba ukifunguliwa na kufungwa, vizuri, kwa adabu, kama anavyofunga mtu asiyetaka kusumbua majirani.

Alibaki ameishika swichi.

Palepale akaelewa, na kuelewa huko kulimuuma kuliko ngumi zake. Jana yake usiku walikuwa wamepatana jinsi ya kupeana zamu za bafu, na aliyeyapanga yote alikuwa yeye, kwa jinsi anavyopenda mambo yanyooke: taa ikipigwa mara mbili, maana yake nakaribia kumaliza, tangulia, nakuja nyuma yako. Kishimo hakuwa ameona ule msururu wote. Labda alikuwa ameinama akifunga viatu, labda alikuwa dirishani. Alichoona ni zile mbili za mwisho. Naye, mwanamke anayeshika neno, akatangulia.

Hapo Nyusi alitukana. Alimtukana fundi aliyekifunga kitasa, mwenye hoteli, kiwanda, msimamizi wa kiwanda, na mwishowe akajitukana mwenyewe, kwa maneno ambayo mama yake asingeamini kwamba anayajua.

Karibu na dari palikuwa na kidirisha kilichotazama uwazi mwembamba kati ya majengo mawili. Alipanda juu ya kifuniko cha choo, akasogeza uso. Chini kulikuwa na sauti za sufuria.

"Jamani huko chini! Kuna mtu?"

Sufuria zikaacha kugongana. "Nani anaita?" Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya mtu aliye na kitu mdomoni.

"Mimi, huku juu! Nimefungiwa bafuni!"

"Umefungiwa na nani?"

"Na mlango!"

Mpishi alilitafuna jibu hilo pamoja na chakula chake. "Mlango umekufungia?"

"Kaka yangu, kitasa kimetoka. Nakuomba uende mapokezi, waje wanifungulie. Ghorofa ya tatu, chumba cha mwisho."

"Sasa dada, si ungewapigia simu tu?"

"Simu iko chumbani!"

"Na wewe uko wapi?"

"Bafuni!"

"Aaa." Akameza. "Lakini bafu si liko humohumo chumbani?"

Nyusi aliegemeza kipaji cha uso kwenye ukuta. Ukuta ulikuwa wa baridi na ulinuka dawa ya kufukuzia mende. "Kaka," alisema, kwa ile sauti ya chini ambayo watoto wake wakiisikia huacha kila kitu, "waite mapokezi."

"Haya haya, dada, usiwe mkali. Naenda."

Alishuka. Alisubiri. Saa ya mkononi ilikuwa imebaki kando ya kitanda na simu, na kwa hilo alishukuru, kwa sababu angeiona angeivunja. Kiganja cha kulia kilikuwa kimeanza kuvimba. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo la kupaka mafuta. Kwa mkalimani wa alama ni sawa na mwimbaji kuamka bila sauti, na likamwongezea hasira.

Ndipo simu ya chumbani ikalia, ile ya mezani, ya hoteli. Ililia hadi ikakoma, ikaanza upya, ikakoma tena.

"Dada wa juu!" Mpishi alikuwa amerudi. "Wanasema wamekupigia, hupokei!"

Ziko hasira zinazompandisha mtu sauti, na ziko zinazomkausha. Ya Nyusi sasa ilikuwa ya pili. Alipanda tena juu ya choo. "Waambie," alisema, na alipojisikia akilitumia neno lenyewe akazidi kuchukia, "waambie waje kwa miguu."

Walikuja kwa miguu, na miguu yenyewe haikuwa na haraka. Mlango wa chumba ulifunguliwa, kisha sauti laini ya msichana wa mapokezi ikasema, "Habari za asubuhi, mgeni wetu mpendwa."

"Fungua."

"Pole sana kwa usumbufu. Umeamkaje?"

"Nimeamka nikiwa huru. Fungua mlango."

"Fundi tumeshampigia, yuko njiani. Wala usijali."

"Dada, najali. Kuna mtu anaitwa mbele ya baraza, hapo ng'ambo ya barabara, sasa hivi, na mdomo wake ni mimi. Unanielewa? Fungua."

"Nakuelewa kabisa. Ila nisamehe nikisema, mlango huu tuliwaambia." Sauti haikuacha kuwa laini. "Jana nilimwambia mwenzako kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilimwambia, dada, mlango wa bafu msiufunge, uegesheni tu, kitasa kinachomoka. Akaitikia."

"Aliitikia vipi?" aliuliza Nyusi.

"Kwa kichwa. Na akatabasamu. Dada wa watu mstaarabu kweli, hana maneno mengi."

Hana maneno mengi. Nyusi alikaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Jana jioni, walipofika, alibaki nje akibishana na kondakta kuhusu begi lililochanwa, akamtanguliza Kishimo kuchukua ufunguo. Aliiona picha nzima kama vile alikuwepo: msichana anaongea, midomo inacheza, Kishimo anatikisa kichwa kukubali na kutabasamu kama wafanyavyo viziwi wote aliowahi kuwajua, kaka yake akiwa wa kwanza. Kwa hiyo walijua. Hoteli nzima ilijua kwamba mlango ule unameza watu, na badala ya kununua kitasa walinunua tabia ya kumwonya mgeni.

"Nusu ya kitasa iko chini ya kitanda," alisema. "Iokote. Ina chuma katikati. Chomeka tunduni, zungusha."

"Kazi za vitasa ni za fundi, dada. Mimi siruhusiwi."

"Unaruhusiwa kuinama?"

"Nimevaa sare, na chini ya vitanda huku..."

"Huku kuna nini?"

Pengine msichana ndiye aliyejua vizuri zaidi kulivyo chini ya vitanda vya hoteli ile. Akasikika akipiga magoti, akakohoa, akapiga chafya mara kadhaa. Chuma kikagusa tundu, kikakosa, kikaingia. Mlango ukafunguka kirahisi, kwa muda mfupi kuliko ule waliotumia kusalimiana.

Nyusi alipita kama upepo. Alichukua simu na saa, akachukua viatu mkononi, na mlangoni akageuka. "Nitarudi."

"Karibu sana," alisema msichana, goti la sare likiwa jeupe kwa vumbi.

Alivuka barabara pekupeku. Dereva mmoja alimpigia honi na kumwuliza kama ameachwa na mume. Kwenye jengo la baraza alivaa viatu akiwa anaruka kwa mguu mmoja mbele ya mlinzi, akaacha simu kwenye kikapu kama ilivyoagizwa, akakutana na karani kwenye korido.

"Wewe ndiye wa yule bubu?" aliuliza karani.

"Ni kiziwi. Wameshamwita?"

"Zamani. Tena afadhali umekuja, maana kule ndani hatujui tufanyeje." Karani alikuwa mzee mwenye sweta, na njiani alieleza kwa kunong'ona, huku akikimbia nyuma yake. Jina liliitwa, mlalamikaji akasimama, kwa hiyo faili halikufungwa. Lakini mkalimani hayupo. Afisa utumishi wa kiwanda akajitolea: huyu tunamjua, tunaelewana naye, nitamtafsiria mimi. Mwenyekiti alisita, wakili wa kiwanda akasisitiza, mwenyekiti akakubali wajaribu. Afisa akasimama mbele ya mlalamikaji na kuanza kupunga mikono. "Basi yule mama akamtazama, akaketi, akafumba macho. Mpaka sasa. Tulidhani anasali. Halafu tukadhani amezirai, nikaleta maji."

Nyusi alisimama mlangoni akaona. Kishimo alikuwa ameketi wima kama nguzo, mikono imelala mapajani, macho amefumba. Mbele yake afisa utumishi, mwanamume mwenye tai ya kijani, alikuwa amemwinamia na kumpigia kelele usoni, "Mama! Mamaaa!" Pembeni glasi ya maji haikuguswa.

Wanaosikia hawawezi kufunga masikio yao. Kiziwi akifumba macho amefunga mlango na kutia komeo kwa ndani, na hakuna mtu duniani awezaye kumwambia kitu, wala kuandika baadaye kwamba aliambiwa. Kishimo hakuwa na wakili. Hakuwa na sauti. Aliitumia silaha aliyokuwa nayo.

Nyusi alimgusa bega.

Macho yakafunguka, yakamwona, na ile mikono iliyokuwa imelala ikaruka kama kuku aliyerushiwa jiwe. Nyusi akajibu kwa mkono wake uliovimba, na kwa muda hawakuwepo wengine chumbani, ni wao wawili tu na vidole vyao hewani.

"Mkalimani." Mwenyekiti alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani na uso wa mtu aliyesikiliza uongo tangu ujana wake. "Mnasema nini?"

"Mheshimiwa, ni mambo yetu tu, samahani."

"Kikisemwa mbele yangu si chenu tena. Kila neno lisikike."

Sasa, mkalimani wa kweli hasemi "anasema kwamba." Kiziwi akisema mimi, naye kwa sauti husema mimi, hapunguzi chumvi wala haongezi sukari. Nyusi alikuwa amewafundisha wengine kanuni hiyo kwa ukali. Akamgeukia mwenyekiti.

"'Ulikuwa wapi, mnafiki wewe?'" alisema, kwa sauti ya wazi. "'Nimekaa hapa kama mzigo uliosahauliwa stendi. Huyu mwenye tai amenitemea mate mpaka kwenye kope. Uliniambia nitangulie, nikatangulia, kumbe wewe umebaki unajipodoa!'"

Karani alikohoa ndani ya sweta lake.

"Na sasa ninayesema ni mimi mkalimani," Nyusi aliendelea, huku mikono ikifanya alama za hayohayo. "Sikujipodoa. Nilifungiwa bafuni. Ile taa nilikuwa naomba msaada!"

"'Taa mara mbili ni tangulia. Mpango ulikuwa wako.'"

"Nilipiga mara nyingi!"

"'Nimeona mbili. Ulitaka nizihesabu kwa masikio?'"

Sasa hata wakili wa kiwanda aliacha kuandika. Nyusi alijua kwamba anapaswa kunyamaza. Lakini hasira za asubuhi nzima zilikuwa zimemfika shingoni, na mbele yake alikuwepo mtu mmoja tu wa kuzipokea. "Na ule mlango uliambiwa wewe! Dada wa mapokezi alikuambia jana kwamba tusiufunge. Ukaitikia! Ukatikisa kichwa na ukatabasamu!"

Mikono ya Kishimo ikasimama hewani. Ikashuka. Ilipopanda tena ilikwenda polepole, kila alama ikikatwa kama kitambaa kwa mkasi, na sauti ya Nyusi ikalazimika kupunguza mwendo.

"'Alinisemesha akiwa ameinama, anatafuta ufunguo kwenye droo. Midomo sikuiona. Alipoinua uso alikuwa anangoja jibu. Nikatikisa kichwa ili anipe ufunguo. Wewe ulitaka nifanyeje? Kila siku natikisa kichwa. Dukani, hospitali, kiwandani. Nisipotikisa wanayarudia yaleyale kwa mdomo mkubwa zaidi, kisha wananikasirikia mimi. Kutikisa kichwa kwangu si ndiyo. Ni kuwaomba waniache nipite.'"

Mwenyekiti alivua miwani, akaipangusa, akairudisha, na akamgeukia yule mwenye tai ya kijani.

"Bwana afisa. Katika majibu yenu mmesema huyu alipewa mafunzo ya moto. Alipewaje?"

"Kama wenzake wote, mheshimiwa. Tulisimama mbele ya wafanyakazi, tukaeleza hatua zote."

"Kwa mdomo?"

"Kwa kipaza sauti," alisema afisa, na neno halijamaliza kumtoka alionekana angetoa chochote alirudishe.

"Na mlijuaje kwamba ameelewa?"

Afisa alimtazama wakili. Wakili alikuwa anakagua dari.

"Alitikisa kichwa," alisema afisa.

Baada ya hapo mwenyekiti alimwomba Kishimo aeleze siku ya moto yeye mwenyewe, tangu mwanzo, akaagiza kwamba asiwepo wa kumkatiza. Kishimo alieleza. Alieleza harufu ambayo alidhani ni ya pasi iliyounguza shati. Alieleza jinsi wenzake wa kushoto na kulia walivyokimbia, na kwamba hawalaumu, kwa kuwa mtu akiona moto husahau hata viatu. "'Lakini msimamizi hakuwa ametishika,'" ilisema sauti ya Nyusi. "'Ameandika mwenyewe kwamba alisimama mlangoni akaniita kwa jina langu, tena na tena, nami nikakaidi. Miaka yote niliyofanya kazi pale, ananiita kwa jina. Bega langu liko hapa. Hakuna aliyewahi kuligusa kuniita.'"

Kiganja cha Nyusi kilikuwa kinawaka. Hakukipumzisha.

Uamuzi ulisomwa kabla ya chakula cha mchana. Kufukuzwa kazi kulifutwa. Kishimo arudi kwenye mashine yake ya kola, kiwanda kifunge taa ya tahadhari mbele ya macho yake, na mafunzo ya usalama yarudiwe kwa lugha anayoielewa, mkalimani akiwepo. Wakili alikusanya karatasi bila kumwangalia afisa wake, na afisa alilegeza tai yake ya kijani kana kwamba ndiyo iliyosababisha yote.

Nje, kwenye ngazi, Nyusi alitarajia kukumbatiwa. Kishimo alimshika ule mkono uliovimba, akaugeuza, akauchunguza kama anavyochunguza mshono wa mtu mwingine.

"Leo umesema vibaya," alimwambia kwa alama. "Ulikuwa unaburuta maneno kama mlevi."

"Hongera na wewe," alijibu Nyusi.

"Nimerudishiwa kilichokuwa changu. Hongera ya nini?" Uso wake haukulegea. Alikuwa ameshinda, lakini ushindi haukuizima hasira, uliipa tu nguvu za kusimama. Akaangalia ng'ambo ya barabara. "Yule msichana wa ufunguo. Leo yuko zamu?"

Walivuka, Nyusi akimsimulia ya asubuhi yote. Msichana alikuwepo. Alikuwa amejifuta goti na alisimama nyuma ya meza yake akitabasamu. Fundi alikuwa amefika, akakirudisha kitasa kilekile mahali pake, akaondoka.

"Karibuni tena, wageni wetu. Tumeshatengeneza."

Nyusi alivuta pumzi. Tangu asubuhi alikuwa ameyaweka maneno yake tayari, yamepangwa moja baada ya jingine, mengine yasiyofaa mbele za watu. Kishimo akamzuia kwa kiwiko. Alikwenda mbele ya meza, akagonga ubao kwa vidole mpaka msichana akainua macho, akayashika macho yale asiyaachie, kisha akaanza. Msichana alitazama mikono ile ikienda, akamgeukia Nyusi kwa wasiwasi.

"Mwambie sielewi."

"Mtazame yeye," alisema Nyusi. "Anaongea na wewe."

Na akaanza kutoa sauti. Ilikuwa habari ya mlango unaojulikana kwamba ni mbovu, ya watu wanaopiga simu badala ya kupanda ngazi, ya kusema ukiwa umeinama kisha kuhesabu kwamba umesema, na ya kitasa cha bei ya sabuni ambacho kidogo tu kimnyang'anye mtu kazi yake. Mpishi alitoka jikoni kusikiliza, kijiko mkononi. Wageni wawili waliokuwa wanalipa walisogea pembeni. Nyusi hakuongeza neno lolote wala hakupunguza, kama kazi yake inavyotaka. Maneno yote yalikuwa ya Kishimo. Kelele zilikuwa za Nyusi.